Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu jinsi watu walivyoipokea kura ile

Kila Kenya na Tanzania zinapovutana mpakani, iwe kwa mahindi au kwa vifaranga, lazima atokee mtu kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo aandike: "Na sisi tufanye Brexit, tujue moja." Brexit ndilo jina la huko kujitoa kwa Uingereza. Kisha wananigeukia mimi, maana mwaka 2016 nilikuwa Uingereza nikihudumia wazee katika mji mmoja wa bandari upande wa mashariki. Nimejibu maswali yaleyale hadi vidole vimechoka. Safari hii nimeyaandika yote pamoja, kila mtu ajichukulie lake.

Watu waliulizwa nini hasa?

Alhamisi tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wa Uingereza, pamoja na wa Gibraltar, waliulizwa kama nchi ibaki mwanachama wa Umoja wa Ulaya au itoke. Waliosema itoke walikuwa 17,410,742, yaani asilimia 51.9. Waliosema ibaki walikuwa 16,141,241, asilimia 48.1. Waliojitokeza walifika asilimia 72.2 ya waliojiandikisha, idadi kubwa kwa nchi ile.

Karatasi haikuuliza itoke iende wapi. Ibaki kwenye soko la pamoja au iliache? Mpaka wa Ireland uweje? Wafanyakazi kutoka Poland na Romania wahesabiweje? Hayo kila mtu aliyajaza kichwani mwake. Ukiniuliza kwa nini watu wa kambi moja walishangilia mambo yasiyofanana hata kidogo, jibu langu liko hapo.

Usiku wa matokeo ulikuwaje?

Mvua ilikuwa imenyesha London na maeneo ya kusini mashariki hadi baadhi ya vituo vya kupigia kura vikahamishwa kwa sababu ya mafuriko. Vituo vilifungwa saa nne usiku, na karibu kila mtu aliamini kwamba kambi ya kubaki imeshinda. Hata Nigel Farage, mwanasiasa wa kambi ya kutoka ambaye alikuwa ametumia miaka zaidi ya 20 kuipigania siku hiyo, alisema mwanzoni mwa usiku kwamba anaona wenzake wa upande wa pili wataponea kidogo.

Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Televisheni ya sebuleni tuliiwasha kwa sauti ya chini wazee wasiamke, huku tunakunja mashuka. Saa sita na kitu ikatangazwa Sunderland: asilimia 61.3 wanataka kutoka. Huo ni mji wenye kiwanda cha Nissan, kinachouza magari yake mengi huko huko Ulaya. Mwenzangu wa zamu, dada wa Kipolandi, aliacha shuka mikononi. Saa kumi na dakika arobaini alfajiri David Dimbleby wa BBC akatangaza kwamba Uingereza imeamua kutoka. Pauni, iliyokuwa imepanda hadi karibu dola 1.50 jioni, ilikuwa inaporomoka kuelekea 1.33, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1985.

Kabla ya saa mbili na nusu asubuhi Waziri Mkuu David Cameron alisimama nje ya mlango wa nyumba namba 10, makazi rasmi ya mwenye cheo hicho, mkewe pembeni yake, akasema si yeye atakayekuwa nahodha wa safari hiyo. Ndiye aliyeitisha kura, na ndiye aliyewaomba watu wabaki.

Simu yangu nayo ilikuwa imejaa. Mpwa wangu wa Tanga: "Shangazi, sasa mtafukuzwa?" Mama yangu hakuuliza kitu. Aliandika tu: "Rudi nyumbani mwanangu."

Waliofurahi walifurahia nini?

Farage alfajiri ile aliitaja tarehe 23 Juni kuwa siku ya uhuru wa Uingereza. Sisi tuliotoka nchi ambazo sikukuu zake za uhuru zinahesabiwa tangu siku Mwingereza aliposhusha bendera yake tulitazamana tukacheka. Lakini furaha yenyewe ilikuwa ya kweli, na ukiicheka yote hutaielewa.

Wapo waliofurahia sheria kurudi kwenye Bunge lao. Kwao Brussels, yaliko makao makuu ya Umoja wa Ulaya, ilikuwa mahali ambapo watu wasiowachagua huwapangia maisha. Wapo waliofurahi kwa sababu ya wahamiaji. Boston, mji wa mashamba ya mboga huko Lincolnshire ambako watu wengi kutoka Ulaya Mashariki walikuwa wamekuja kufanya kazi, uliongoza nchi nzima kwa asilimia 75.6 za kutoka. Na wapo ambao kwao kura ile ilikuwa fimbo ya kuichapa serikali tu. Migodi imefungwa, viwanda vimefungwa, kituo cha vijana kimefungwa, na kila anayetokea kwenye televisheni anasema uchumi uko imara. Uchumi wa nani? Blaenau Gwent kule Wales ilikuwa imejengewa barabara na chuo kwa fedha za Ulaya, ikapiga asilimia 62 za kutoka. Watu wa London waliwaita wajinga. Nadhani hawakuwa wamewahi kupita kule siku ya Jumanne mchana wakaona maduka yaliyofungwa kwa mbao.

Nitawapa mfano wa karibu. Asubuhi ile nilimpelekea chai bibi mmoja wa miaka themanini na kitu. Alinishika mkono kabla sijaweka kikombe. "Usihofu mwanangu," akaniambia, "si nyie tuliowakusudia." Nikamuuliza basi alimkusudia nani. Akanionyesha picha ukutani ya marehemu mumewe, amesimama kwenye sitaha ya meli, amevaa koti la mpira. "Walituulia uvuvi wetu," akasema.

Mumewe alikuwa akivua chewa kwenye maji ya Iceland. Meli za mji ule zilifungiwa maji yale na Iceland yenyewe, iliyosukuma mpaka wake wa bahari hadi maili 200 mwaka 1975, na hadi leo Iceland si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Ni kweli Brussels nayo ilileta mgawo wa samaki uliowaudhi sana wavuvi wa Uingereza, lakini meli ya kwenye picha ile haikuuliwa na Brussels. Sikumwambia. Angefaidika nini? Nilimkorogea sukari nikaondoka.

Na waliolia?

Walilia kweli, si kwa mfano. Niliona watu wazima wakifuta machozi kituo cha basi. Vijana ndio walioumia zaidi. Utafiti mkubwa wa siku ya kura ulionyesha kwamba miongoni mwa wenye miaka 18 hadi 24 waliopiga kura, asilimia 73 walitaka kubaki, na kwa waliozidi miaka 65 asilimia 60 walitaka kutoka. Kwa hiyo mzozo uliingia hadi mezani. Kuna familia ambazo mjukuu hakwenda kwa babu Krismasi ile.

Kilio chao nacho hakikuwa kimoja. Mwanafunzi alililia uhuru wa kwenda kuishi Barcelona bila viza. Mfanyabiashara alililia forodha. Mwingine alikuwa bado na majonzi ya Jo Cox, mbunge wa chama cha Labour na mtetezi wa kubaki, aliyeuawa mtaani Birstall, Yorkshire, tarehe 16 Juni, wiki moja tu kabla ya kura. Nchi ilikuwa haijamaliza matanga ikaingia kituoni.

Ombi la mtandaoni la kutaka kura irudiwe lilikusanya saini zaidi ya milioni 4. Kichekesho ni kwamba ombi lenyewe lilianzishwa kabla ya kura na mtu wa kambi ya kutoka, akiogopa kwamba upande wake utashindwa kwa chembe. Serikali ililikataa. Wakazi wengine wa London, ambako asilimia 59.9 walitaka kubaki, walianzisha lao la kutaka mji ujitangazie uhuru. Huo ulikuwa mzaha, ingawa saini zake zilipita laki moja.

Ni kweli Waingereza waligugo "Umoja wa Ulaya ni nini" baada ya kupiga kura?

Swali hilo lilionekana kwenye orodha ya Google ya maswali yaliyopanda ghafla usiku ule, na dunia nzima ikacheka. Kupanda ghafla hakuna maana ya wengi. Na huwezi kujua aliyeuliza alikuwa mpiga kura, mtoto wa shule au mtu aliyezinduka tu usingizini. Kisa kitamu, ushahidi dhaifu.

Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda walipiga kura?

Ndiyo, na kila nikisema hivi watu hawaamini. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura kama ile. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda na hata Mnyarwanda alipiga. Mrundi hakupiga, Mkongo hakupiga, isipokuwa awe amepata uraia. Mfaransa, Mjerumani na Mpolandi nao hawakupiga, hata kama wamelipa kodi miaka kumi. Walioruhusiwa katika watu wa Umoja wa Ulaya ni wa Ireland, Malta na Cyprus pekee.

Ndiyo kusema mimi, mwenye pasipoti ya Tanzania, niliingia kituoni kuamua hatima ya dada yule wa Kipolandi niliyekuwa nikikunja naye mashuka, na yeye akabaki nje. Alinisindikiza hadi mlangoni. Alisema ananisubiri twende sokoni.

Ndani nilikuta penseli imefungwa kwa kamba. Huko wanapiga kura kwa penseli tangu zamani. Mwaka ule watu wengi wa kambi ya kutoka walianza kuhimizana mtandaoni waende na kalamu zao za wino, wakishuku majasusi watafuta alama usiku. Mzee mbele yangu alichomoa kalamu mfukoni kama anayechomoa kisu. Mimi nilitumia penseli. Nilichora upande gani, hilo halipo kwenye ukurasa huu.

Wageni walitendewaje siku zile?

Inategemea ulikuwa wapi na nani alikupita. Takwimu za wizara ya mambo ya ndani zilionyesha kwamba makosa ya chuki za rangi na dini yaliyoandikwa na polisi Julai 2016 yalizidi ya Julai 2015 kwa asilimia 41. Jumapili baada ya kura, kituo cha utamaduni cha Wapolandi huko Hammersmith, London, kilikutwa kimechorwa maneno ya matusi mlangoni. Majirani wakaanza kuleta maua na kadi, zikajaa. Watu wengine walianza kutembea na pini ya nguo kifuani, ishara kwamba wewe mgeni ukikaa karibu yangu uko salama. Wapo walioiona kuwa maonyesho tu. Mimi siku moja nilikaa karibu na mwenye pini kwenye basi, na sina aibu kusema nilishusha pumzi.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa dogo. Dada yule aliacha kuongea Kipolandi kwenye simu akiwa njiani. Alikuwa anamwambia mama yake, "Nitakupigia nikifika."

Scotland na Ireland ya Kaskazini walipokeaje?

Kwa hasira, kila mmoja kwa sababu yake. Scotland ilipiga asilimia 62 za kubaki, na hakuna hata wilaya moja yake iliyochagua kutoka. Miaka miwili tu nyuma Waskoti walikuwa wameombwa wasijitenge na Uingereza, na hoja moja kubwa ilikuwa kwamba wakijitenga watapoteza nafasi yao Ulaya. Fikiria mtu amekataa kuhama nyumba kwa sababu ya kisima, halafu wenye nyumba wakakifukia. Waziri Kiongozi wao, Nicola Sturgeon, alisema asubuhi hiyohiyo kwamba kura ya pili ya uhuru ina uwezekano mkubwa. Haijafanyika hadi leo.

Ireland ya Kaskazini ilipiga asilimia 55.8 za kubaki, na hofu yake ilikuwa nzito kuliko biashara. Tangu mkataba wa amani wa 1998, ule wa Ijumaa Kuu, mpaka na Jamhuri ya Ireland ulikuwa umegeuka mstari ambao dereva anaugundua kwa alama za barabarani kubadilika kutoka maili kuwa kilomita. Watu walikumbuka vituo vya askari. Fomu za pasipoti za Ireland zilikwisha kwenye baadhi ya ofisi za posta, kwa sababu wengi wanastahili uraia wa nchi zote mbili na hawakutaka kusubiri kuona.

Mbona baadhi ya viongozi wa kutoka ni watoto wa watu wa kwetu?

Wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda. Baba yake Rishi Sunak alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Baba yake Suella Braverman alitoka Kenya. Wote watatu waliunga mkono kutoka. Hoja iliyosikika sana kwa wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ilikuwa hii: Mwitalia anaingia na kitambulisho tu, lakini mimi nikitaka kumleta binamu yangu harusini naombwa taarifa za benki za miezi sita. Tukifunga mlango ule, huenda wetu ukafunguka.

Kwa namna fulani ulifunguka. Wazungu wa Ulaya walipopungua, viza za kazi zilikwenda India, Nigeria, Zimbabwe na kwingineko, na kuanzia 2022 wahudumu wa wazee wakaingizwa kwa maelfu. Uhamiaji ukapanda kuliko ulivyowahi kuwa. Waliopiga kura kupunguza wageni walipandwa na ghadhabu, na hilo ni jambo moja ambalo siwezi kuwalaumu kwa kulishangaa.

Ile ahadi ya milioni 350 iliishia wapi?

Lilikuwa basi jekundu lililoandikwa ubavuni kwamba Uingereza inaipelekea Ulaya pauni milioni 350 kwa wiki, bora zipewe hospitali za umma. Hesabu yenyewe haikuondoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipewa kabla ya kulipa. Asubuhi ya matokeo Farage alihojiwa kwenye televisheni akasema ahadi ile ilikuwa kosa, na kwamba yeye hakuitoa. Ni kweli, basi lilikuwa la kundi jingine. Lakini muuguzi aliyekaa nami akitazama mahojiano yale alizima televisheni bila kusema neno.

Ilitugusaje huku nyumbani?

Kwanza kwa pauni. Pauni 100 iliyokuwa karibu shilingi 15,000 za Kenya ikawa chini ya 14,000 ndani ya siku chache. Anayetuma ada ya shule aliongeza zamu. Nyumbani wakadhani umepunguza mkono.

Pili kwa mikataba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa mbioni kusaini mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, ule wa EPA. Julai 2016 Tanzania ilisita, na kujitoa kwa Uingereza kukatajwa miongoni mwa sababu. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba mosi mwaka huohuo. Kenya haikuwa na anasa ya kusubiri: maua ya Naivasha yasipoingia Ulaya bila ushuru, kuna watu wanaokosa mshahara mwezi huohuo. Baadaye, tarehe 8 Desemba 2020, Kenya ilisaini mkataba wake peke yake na Uingereza.

Ulaya kwenyewe walisemaje?

Wakubwa walikunja uso. Katika kikao cha Bunge la Ulaya tarehe 28 Juni, Jean-Claude Juncker, mkuu wa Kamisheni ya Ulaya, alimuuliza Farage, aliyekuwa mbunge mlemle, mbele ya wote bado anafanya nini pale. Marine Le Pen wa Ufaransa na Geert Wilders wa Uholanzi walishangilia wakataka nchi zao zifuate. Hakuna iliyofuata. Wengi husahau kwamba Greenland ilitangulia: ilipiga kura 1982 na ikaiacha Jumuiya ya Ulaya ya wakati ule mwaka 1985, kwa sababu ya samaki. Yule bibi angewapenda.

Kwa nini ilichukua miaka karibu minne?

Kwa sababu ya lile swali ambalo halikuwa kwenye karatasi. Theresa May, aliyemrithi Cameron, alipeleka barua rasmi ya kujitoa Machi 29, 2017, akatumia miaka miwili kutafuta namna ya kutoka ambayo wabunge wangeikubali, akashindwa, akaondoka. Katikati watu waliandamana London kwa mamia ya maelfu, na ombi jingine la mtandaoni la 2019 likapita saini milioni 6. Majaji walioamua Novemba 2016 kwamba Bunge lazima lihusishwe waliitwa maadui wa wananchi kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail. Boris Johnson, waziri mkuu aliyemfuata May, ndiye aliyefikisha jahazi, Januari 31, 2020 saa tano usiku. Big Ben, kengele ya saa kubwa ya Bunge, ilikuwa kwenye matengenezo, na ilisemwa kuipigisha mara hiyo moja kungegharimu kama pauni 500,000, basi umati nje ya Bunge ukapigiwa mlio wa kurekodiwa.

Wanajuta?

Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha zaidi ya nusu wanaona ulikuwa uamuzi mbaya. Lakini usichanganye hilo na kutaka kurudi. Wengi wa waliochagua kutoka ninaowafahamu hawasemi walikosea. Wanasema wanasiasa waliiharibu.

Haya, na nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kufanya hivyo?

Kisheria, ndiyo. Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya inataka azimio la Bunge la nchi husika linaloungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha notisi ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu kule Arusha. Kura ya maoni ya wananchi haitajwi.

Lakini mnaoandika "tufanye Brexit, tujue moja" mnasahau kwamba sisi tulishavunja jumuiya yetu, 1977, na hatukuulizwa kwa karatasi wala penseli. Ndege zikagawanywa, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, na mgawanyo wa mali haukukubaliwa hadi 1984. Waliokuwa wakifanya kazi reli, bandari, posta na shirika la ndege la pamoja walirudishwa makwao wakiambiwa mafao yao yatashughulikiwa. Baba mdogo wangu alikuwa karani wa reli. Zaidi ya miaka 30 baadaye wastaafu hao bado walikuwa wakiandamana Dar es Salaam kuyadai, wengine kwa mikongojo, vitambulisho vya Jumuiya vikiwa kwenye mifuko ya nailoni visiloane.